Kila Shamba na Giaboksi Yake

Kabla sahani za plau hazijagusa ardhi, dereva mzuri wa trekta ameshaamua gia. Watazame madereva wa trekta za kukodi kwenye mashamba ya mahindi na alizeti ya Kongwa na Kiteto mvua za kwanza zinapokaribia. Dereva anashuka, anaingia shambani hatua chache, anapiga kisigino chini, anaokota bonge la udongo na kulivunja kwa vidole. Anaangalia visiki na vichuguu, anauliza maji yalituama wapi mwaka jana. Kisha anapanda, anavuta mkono mdogo upande wa chini, anaingiza gia ya tatu, na hapo ndipo anashusha plau. Mwenye shamba aliyesimama pembeni akihesabu ekari zake haoni kama kuna jambo lililofanyika, wakati sehemu ngumu ya kazi imeshapita.

Sababu imo ndani ya chuma. Trekta zilizozoeleka vijijini kwetu, Massey Ferguson 135 na baadaye 240, nyingi zina giaboksi ambayo haibadiliki mzigo ukiwa nyuma. Plau ya sahani tatu ikishazama, ukikanyaga klachi trekta inasimama papo hapo, kwa kuwa udongo umeishika. Hakuna nafasi ya gia moja kuachia na nyingine kupokea huku magurudumu yanazunguka. Kwa hiyo dereva wa mashine hii hana ruhusa ya kujaribu-jaribu katikati ya mfuo. Anatakiwa kuujua udongo kabla haujamjibu, na kwangu mimi huo ni ufundi wa kuheshimiwa sawasawa na wa seremala anayejua mti utapasukia wapi.

Akishaanza mfuo wa kwanza, anasikiliza. Hatua chache tu zinatosha. Anaongeza mafuta kidogo. Injini ikiitika mara moja na mlio ukapanda, ina akiba. Ikiguna bila kupanda na bomba likatoa moshi mweusi, gia iko juu mno kwa udongo ule, na anayeendelea hivyo anaichosha injini na kuchoma dizeli bure. Kosa la upande wa pili halionekani upesi, nalo ni la kawaida sana: gia ya chini mno na resi ya juu. Trekta inapiga kelele, matairi yanateleza, kazi haisogei. Hapo dereva mzoefu hutazama nyuma na kusoma alama ya tairi. Meno ya tairi yakiwa yamechapwa ardhini kwa ukali, kila ukingo unaonekana, basi matairi hayatelezi kabisa, na huenda amebeba uzito ambao hauhitaji. Alama zikiwa zimefutika na kubaki mkwaruzo mmoja mrefu, nguvu inapotelea kwenye mpira. Alama nzuri ni ile iliyovunjika kidogo katikati lakini bado inasomeka. Kuteleza kwa asilimia 8 hadi 15 kwenye udongo wa kulima ni jambo la kawaida, na jicho lililozoea hulipima bila kifaa chochote.

Nimesikia dereva akimfundisha utingo wake kwa maneno machache ambayo hayahitaji kuongezwa: "Dogo, usilazimishe. Kanyaga klachi mpaka chini, subiri meno yatulie, halafu iingize polepole. Ikikataa, achia kidogo ukanyage tena. Gia ikilia, ujue ni hela ya tajiri inalia." Kijana akajaribu, chuma kikakwaruza, akarudia, ikaingia kimya. Ndani ya giaboksi ile hakuna kitu kinacholinganisha mwendo wa meno mawili kabla hayajashikana. Kazi hiyo inafanywa na mguu wa dereva na subira yake.

Tukizungumzia giaboksi yenyewe, karatasi ya muuzaji itakuambia gia nane mbele na mbili nyuma, na mnunuzi ataridhika. Gia hizo ni nne tu, zinazozidishwa na seti ya meno ya sayari iliyoko nyuma yake. Mkono mdogo ukiwa upande wa juu, kila gia inakwenda karibu mara nne ya mwendo wake wa upande wa chini. Ni ubunifu mzuri wa kubana vyuma vingi mahali padogo. Ila kazi nyingi za shamba, kulima, kupiga haro, kupanda, kupulizia dawa, hufanyika kati ya kilomita 4 na 12 kwa saa. Hesabu gia zinazoangukia humo, utakuta ni karibu nusu ya zile nane. Zilizobaki ni za kutambaa na za barabarani. Ndiyo maana dereva wa trekta ya gia nane mara nyingine hujikuta tatu inachelewa na nne inaizimisha injini, na katikati hakuna kitu. Mnunuzi makini haulizi trekta ina gia ngapi. Anauliza ngapi zinaangukia kwenye mwendo wa kazi yake.

Halafu kuna swali ambalo kwangu linazidi hata nguvu za farasi: katika kazi yako, mara ngapi utalazimika kubadili uamuzi trekta ikiwa inatembea? Ukijibu hilo kwa uaminifu, aina ya giaboksi unayohitaji itajitokeza yenyewe.

Chukua tambarare za ngano za Basotu kule Hanang, au zile za Narok. Mfuo unakwenda mbali, udongo haubadiliki ghafla, kona ni chache. Dereva akishapata gia yake asubuhi anaweza kukaa nayo mpaka jua likawa utosini. Giaboksi ya kawaida ya meno, isiyo na mbwembwe, inamtosha, na ina faida ambayo mashine za kisasa bado zinaitafuta: karibu nguvu yote inayotoka kwenye injini inafika kwenye magurudumu. Meno yanayoshikana moja kwa moja yanapoteza kidogo sana.

Sasa chukua mwenye ng'ombe wa maziwa anayepakia samadi kwa koleo la mbele. Anakwenda mbele, anachota, anarudi nyuma, anageuka, anakwenda mbele, anamwaga. Mchana mzima ni hivyo. Mguu wa kushoto haupumziki, na sahani ya klachi kavu inaliwa kila mara trekta inapobadili uelekeo. Huyu anahitaji mkono wa mbele-nyuma uliopo pembeni ya usukani, na afadhali ule unaotumia sahani nyingi ndogo zinazozunguka ndani ya oili na kubanwa kwa nguvu ya haidroliki. Anausukuma kwa vidole, trekta inapunguza mwendo yenyewe, inasimama, inarudi. Oili inachukua joto ambalo kwenye klachi kavu lingeunguza sahani. Kwa kazi ya koleo, kifaa hicho kimoja kina thamani kuliko gia kumi za ziada.

Anayevuta tela barabarani ana mahitaji yake tofauti. Kwenye vilima vya chai vya Mufindi au Kericho, trekta hupanda na kushuka na mzigo wa majani mabichi, na dereva hawezi kusimama kila anapotaka gia nyingine. Hapa ndipo giaboksi ya sinkro inapostahili bei yake. Kati ya gia na gia kuna pete ya shaba inayogusa kwanza, inasugua, inalinganisha mwendo wa pande mbili, kisha inaruhusu meno yashikane. Tela linaendelea kutembea. Hata hivyo sinkro haimpi dereva ruhusa ya kusahau kanuni ya mlima: gia uliyopandia ndiyo unayoshukia, na unaiingiza kabla ya kuanza kushuka. Anayeshuka akiwa fri ili kuokoa mafuta amejitoa mikononi mwa breki peke yake, na breki ya trekta yenye tela zito nyuma haikutengenezwa kubeba jukumu hilo lote.

Kwenye jambo hili kuna mashine moja ambayo wanunuzi wa trekta za mtumba kutoka Uingereza wanapaswa kuijua. Mwaka 1962 Massey Ferguson walianza kutoa Multi-Power, swichi ndogo inayobadili kila gia kuwa mbili, ya haraka na ya taratibu, bila kukanyaga klachi. Kwa mkulima ilikuwa neema: plau ikikutana na udongo mgumu anabonyeza, trekta inashuka mwendo bila kusimama, akivuka anarudisha. Kwenye giaboksi ya gia sita, zikawa kumi na mbili. Ila upande wa taratibu unaendeshwa kupitia kifaa kinachosukuma uelekeo mmoja tu. Injini inaweza kuyasukuma magurudumu, lakini magurudumu yakitaka kwenda haraka kuliko injini, hakuna kinachoyazuia. Kwa maneno mengine, ukishuka mlima ukiwa upande huo, injini haikushiki. Kwenye tambarare za Mbarali hutaligundua hilo maisha yako yote. Ukiipeleka trekta hiyo Lushoto na tela la viazi, jua kwanza swichi imekaa wapi. Giaboksi ni ileile, na ubora au ubaya wake unaamuliwa na ardhi iliyo chini yake.

Wamarekani walikuwa wameshalifuata wazo la kubadili gia bila kusimama mbali zaidi. Mwaka 1959 Ford walitoa Select-O-Speed, gia kumi mbele na mbili nyuma, zote zikibadilishwa kwa mkono mdogo huku mzigo ukivutwa. Miaka ya mwanzo ilisumbua sana wenye nayo. Miaka michache baadaye John Deere wakaweka giaboksi ya aina hiyo kwenye trekta yao ya 4020, gia nane mbele na nne nyuma, na hiyo ikasimama imara. Tangu hapo kubadili gia chini ya mzigo kumekuwa jambo la kawaida kwenye trekta kubwa. Ninachokiheshimu katika historia hiyo ni kwamba wahandisi walikuwa wanajaribu kumpa kila dereva kile ambacho dereva wa Kongwa anakipata kwa kuvunja bonge la udongo mkononi: gia sahihi kwa kipande hiki cha ardhi, siyo kwa wastani wa shamba zima.

Kongwa penyewe pana somo lake la kale. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapo mradi mkubwa wa karanga, wakaleta mashine zilizotumika kwenye Vita vya Pili, nyingine kutoka Ufilipino, pamoja na vifaru vilivyogeuzwa kuwa trekta. Udongo ule wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kupita kiasi, na mchanga mkali uliomo ndani yake ukala majembe. Mradi ukafungwa mwaka 1951. Nguvu haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuanza na udongo ndipo aje kwenye mashine.

Ukitaka kuona aina nyingine kabisa ya giaboksi ikifanya kazi yake mahali panapoifaa, nenda kwenye skimu za mpunga wakati wa mavuno. Mashine ndogo za kuvunia zenye minyororo badala ya matairi, zinazoonekana Mbarali, Kilombero na Mwea, nyingi hutembea kwa nguvu ya oili. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili kwenda kwenye mota, mota inazungusha minyororo. Dereva ana mkono mmoja: akiusukuma mbele mashine inakwenda, akiuvuta nyuma inarudi, na kati ya hapo kuna mwendo wowote anaoutaka. Mpunga haufanani hatua kwa hatua. Hapa umesimama na ni mwembamba, pale umelala na ni mzito, mbele kidogo jaruba lina tope. Ngoma ya kupuria lazima izunguke kwa mwendo uleule siku nzima, la sivyo punje zinabaki kwenye masuke au zinavunjika. Kwa giaboksi ya meno ungehangaika. Kwa oili, dereva anaacha injini kwenye resi yake, na mkono wake wa kushoto au wa kulia unaongeza na kupunguza mwendo taratibu, akiusoma mpunga unavyoingia kwenye kisu. Mtazame dereva mwenye uzoefu: mkono ule hautulii hata dakika, lakini ngoma haibadilishi mlio.

Gharama yake ni joto. Oili inayosukumwa, kubanwa na kuachiwa inapoteza nguvu nyingi kuliko meno ya chuma, na ndiyo maana huwezi kuupa mfumo huo plau nzito asubuhi hadi jioni ukategemea hesabu ya mafuta ikae vizuri. Kwa kukata nyasi za uwanja, kupakia, kuvuna, ni bora. Kwa kulima mbuga, hapana.

Katika mji wa Marktoberdorf, Bavaria, mhandisi Hans Marschall wa kampuni ya Fendt alitafuta namna ya kuunganisha hizo dunia mbili, na mwaka 1995 trekta ya Favorit 926 Vario ikaonyeshwa Hannover. Nguvu ya injini inagawanywa kwenye meno ya sayari. Sehemu moja inapita kwenye pampu na mota za oili, sehemu nyingine inapita moja kwa moja kwenye chuma, kisha zinakutana tena kabla ya kufika kwenye magurudumu. Trekta inapoanza kutoka, karibu kazi yote ni ya oili, laini, bila mshtuko. Kadiri mwendo unavyoongezeka, chuma kinachukua zamu yake, hata ikifika kasi ya juu kabisa oili inakuwa imejitoa. Hakuna gia za kuhesabu. Dereva anachagua mwendo, kutoka kutambaa hadi kilomita 50 kwa saa, na mashine inatafuta resi inayoufaa. Nauona kuwa mmoja wa uvumbuzi mzuri kabisa katika zana za kilimo. Anayepandikiza mboga kwa mwendo usiofika kilomita moja kwa saa na jioni anavuta tela barabarani kwa trekta ileile, giaboksi hii imetengenezwa kwa ajili yake.

Inadai, hata hivyo, oili safi, filta halisi, na fundi mwenye kompyuta. Na hapa ndipo namrudia mtu ambaye mnunuzi humsahau mpaka siku trekta inaposimama.

Fundi wa trekta akitaka kufika kwenye klachi, anaikata trekta katikati. Trekta nyingi za shamba hazina chesisi. Injini, giaboksi na difu vimefungwa kwa bolti na kuwa uti wa mgongo mmoja. Kwa hiyo anaweka magogo chini ya injini, jeki chini ya giaboksi, anafungua bolti moja moja na kuisukuma nyuma nusu nzima ya trekta mpaka klachi itokeze. Ukimkuta amefungua giaboksi, usimsemeshe kwanza, mwache asome. Anapitisha kidole kwenye ncha za meno. Ncha zilizoviringika zinamwambia gia hiyo ilikuwa ikilazimishwa. Meno yaliyoliwa upande mmoja tu yanamwambia ipi ilifanya kazi kuliko zote. Anachovya oili na kuisugua kati ya dole gumba na cha shahada: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, ikiwa na vumbi la rangi ya dhahabu, pete za sinkro zinakwisha, ikiwa na vipande vinavyokwaruza, kuna jino limemeguka mahali na ni lazima lipatikane kabla halijazungushwa tena. Kwenye trekta nyingi oili hiyohiyo inalainisha gia na kuinua plau, kwa hiyo uchafu wa upande mmoja ni ugonjwa wa pande zote. Kwa dakika chache fundi anajua trekta ililima wapi, ilivuta nini, na dereva wake alikuwa na subira kiasi gani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayejiandaa kununua ni huu. Usiende peke yako. Nenda na dereva atakayeishi juu ya trekta hiyo, na mwulize fundi wa karibu nawe ni giaboksi ipi anaweza kuifungua na kuifunga bila kuagiza mtu kutoka Dar es Salaam au Nairobi. Kama kazi yako ni kulima na kupiga haro kwenye tambarare, na una gia mbili tatu zinazoangukia vizuri kwenye mwendo wako, giaboksi ya meno ya kawaida itakulisha miaka mingi. Kama unapakia, tafuta mkono wa mbele-nyuma wenye klachi ya oili hata kama nguvu za farasi zitapungua kidogo. Kama unavuta mizigo milimani, usikubali trekta isiyo na sinkro wala ile ambayo injini haiishiki kwenye mteremko. Na ikiwa ni ya mtumba, omba kuivutisha mzigo, siyo kuizungusha uani tu, kisha mwombe muuzaji alegeze skrubu ya oili ya giaboksi mbele yako. Akikataa, mwachie trekta yake.